Mto Uliofika Mapema

Wapendwa, mfano wangu wa leo hauna mtu mbaya. Natangaza mapema kwa faida ya wale ambao hawasikilizi neno mpaka wamejua ni nani anayepigwa. Leo hapigwi mtu. Mimi mwenyewe nilimtafuta mhalifu ndani ya habari hii nikamkosa, na kumkosa ndiko kulikoninyima raha. Mhalifu akiwepo mambo huwa mepesi: unamtupia lawama, unakung'uta mikono, unaenda kula.

Tuseme palikuwa na kampuni ndogo ya ndege. Si haya madege makubwa ya kukuletea wali kwenye sinia yenye vifuniko. Hii ilikuwa na ndege za injini mbili, za abiria kumi na mmoja, zile ambazo mzigo wako unapimwa kwenye mizani na wewe mwenyewe unapimwa baada yake, na mama mwenye mwili anaombwa kwa adabu kubwa ahamie kiti cha mbele. Kazi yake ilikuwa kupeleka watu kule ambako barabara imechoka ikarudi nyumbani: madaktari, mafundi wa visima, masista wa misheni.

Katika kampuni hiyo alikuwako binti mmoja, rubani msaidizi. Kitambulisho chake kilisema First Officer, naye alikipenda kitambulisho kile kiasi cha kukivaa hata akienda kununua mkate. Msimcheke. Binti huyu alisomea urubani, akafaulu, akapewa leseni, kisha akakaa nyumbani miaka minne. Miaka minne mizima, mtu mwenye leseni ya kupaa juu ya mawingu, anatumwa na shangazi yake sokoni kuleta vitunguu, na akirudi anaulizwa mbona ameleta vidogo. Alipeleka CV kila mahali palipo na uwanja wa ndege, na pengine palipo na uwanja wa mpira. Kila mahali walimwambia tutakupigia. Akawa anaingia bafuni na simu. Kuna mtu hapa asiyeijua hiyo tutakupigia? Ni simu inayosafiri kwa miguu, hiyo. Itafika tu.

Basi siku moja ilifika. Akaajiriwa kwa miezi sita ya majaribio, probation, na baada ya miezi hiyo nahodha anayeruka naye angeandika ripoti ya ukurasa mmoja na kutia sahihi. Abaki au aende. Mnaelewa alipokuwa amesimama? Kati yake na vitunguu vya shangazi palikuwa na sahihi ya mzee mmoja.

Na huyo mzee sasa. Nahodha wake, ambaye kila mtu alimwita Kapteni hata walinzi wa lango, alikuwa mtu wa miaka hamsini na minane. Nusu ya marubani wa kampuni walipita mikononi mwake. Aliwahi kuruka nchi ile kavu ya kaskazini mashariki enzi ambazo rubani alikuwa na ramani magotini, saa mkononi na macho dirishani, basi. Wala hakuwa na majivuno. Alimsalimu fundi kabla ya meneja. Mtu wa namna hiyo ukimchukia una kazi.

Wiki tatu kabla ya asubuhi ninayoisimulia, Kapteni alimzika mkewe, mama Naliaka. Kampuni nzima ilikwenda mazishini, magharibi kule, kwa basi la kukodi. Walilia, wakaimba, mafundi wa ndege wakasimamisha maturubai, na yule binti alikata sukuma wiki pamoja na wakwe za watu mpaka kidole kikatoka damu. Siku ya kumi Kapteni akarudi kazini. Alisema nyumba imekuwa kimya mno, afadhali kelele za injini. Daktari wa kampuni alimwuliza kama yuko sawa, akajibu yuko sawa. Fomu ikagongwa muhuri.

Tangu siku hiyo ofisini palitokea jambo ambalo hakuna aliyelipanga. Halikuwa na kikao wala barua, lakini kila mtu alilijua: mzee asisumbuliwe. Akisahau kutia sahihi fomu, karani aliirudisha kimya kimya mezani pake ikiwa imekunjwa pale penye pengo, kana kwamba upepo umeipeleka. Akimwita mtu kwa jina la mwenzake, mwenzake huyo aliitikia. Siku moja aliacha gari limewaka kwenye maegesho kuanzia asubuhi mpaka karibu adhuhuri. Mlinzi akalizima, akamletea funguo, akamwambia tu kwamba leo kuna joto. Hata yule fundi wa injini mwenye mdomo, anayemtania meneja mbele ya mke wake, kwa Kapteni alikuwa akinyamaza kama mtoto wa ubatizo.

Huu ni utu, wapendwa. Sifanyi dhihaka. Ndivyo tulivyolelewa: nyumba yenye msiba huingii na kelele, na mtu aliyetoka kuzika humwambii kwamba kafunga vifungo vya koti vibaya. Mama zetu wangetupiga kofi. Shikeni hilo, kwamba wale watu wote walikuwa wakifanya vizuri.

Sasa asubuhi yenyewe. Saa moja, jua limeshapanda kidogo. Safari ilikuwa ya kupeleka timu ya madaktari wa macho ng'ambo ya mto Tana, kwenye uwanja wa vumbi ulio kusini kidogo tu ya mstari wa ikweta. Huko kulikuwa na bibi na mababu karibu themanini waliokuwa wakingojea chini ya turubai la zahanati kuondolewa utando wa macho. Muuguzi mkuu wa timu, mama mmoja mcheshi, alipopimwa kwenye mizani alimwambia karani aandike uzito wa roho yake tu, maana mwili ameuacha nyumbani. Wakacheka. Hata Kapteni alitabasamu.

Uwanja ule ulikuwa mdogo hivi kwamba haukuwamo kwenye kumbukumbu ya mashine ya ndege, hii mnayoiita GPS. Ilibidi rubani aiandikie kwa mkono: uko umbali gani na mstari wa ikweta, uko umbali gani upande wa mashariki. Na kabla ya yote mashine huuliza swali moja: kaskazini ya ikweta, au kusini? Kuna nchi ambazo swali hilo ni la kijinga. Rubani wa huko anazaliwa upande mmoja, anaoa upande huo huo, anastaafu hajawahi kuuvuka mstari. Wa kwetu anauvuka mara mbili kabla ya chai ya saa nne.

Ndiyo maana marubani wana sheria. Kazi hii haifanywi na mtu mmoja. Mmoja anaandika. Wa pili anashika karatasi ya safari, anaangalia kioo cha mashine kwa macho yake mwenyewe, anasoma kilichoko kwenye kioo tarakimu kwa tarakimu, analinganisha na karatasi. Akimaliza analinganisha na umbali: karatasi inasema maili ngapi, mashine imepiga hesabu ikapata maili ngapi. Vikikubaliana ndipo anasema neno moja, nao hulisema kwa Kiingereza hata wakiwa wote wanatoka kijiji kimoja: "Checked." Maana yake, nimeangalia. Mimi. Haina maana ya nakuamini. Haina maana ya nakuheshimu. Na wala, wapendwa, haina maana ya pole.

Kapteni akaandika. Mwaka mzima kabla ya msiba alikuwa kwenye mkataba wa kupeleka chakula cha msaada karibu na mpaka wa juu kabisa wa nchi, na karibu kila siku ya mwaka ule vidole vyake vilibonyeza kaskazini. Asubuhi hii vidole vikaenda vilikozoea. Tarakimu zote zilikuwa sahihi. Upande wa dunia ndio uliokosewa.

Akageuza kichwa, akamwuliza binti kama ameangalia.

Binti alikuwa na karatasi mkononi. Lakini jua lilikuwa limepiga kwenye kile kioo, na ili akione vizuri ingembidi ajikunje mbele, kichwa chake kifike karibu na bega la mzee, apitishe kidole mstari kwa mstari kama mwalimu anayesahihisha daftari la darasa la pili. Akaona picha hiyo akilini, akaionea aibu. Wiki tatu, akajiambia. Huyu mtu nilimwona ameshika jeneza. Nimpitishie kidole leo? Na tuseme ukweli, kwa kuwa yeye mwenyewe baadaye aliusema: aliifikiria pia ripoti. Zilibaki wiki mbili. Hata ungekuwa wewe, baada ya miaka minne ya vitunguu, ungeanza kumkagua mwenye sahihi?

Akatupa jicho. Aliona tarakimu zinazofanana na zile za karatasi. Chini yake aliona umbali: maili mia mbili na nne. Karatasi ilisema mia moja sabini na moja. By the way, msidhani hakuona. Jicho liliona vizuri sana. Ila kichwa kina ukarimu wa ajabu. Jicho likileta habari mbaya, kichwa huipikia sababu. Pengine mashine imehesabu mzunguko wa kukwepa mlima, kikasema kichwa. Pengine.

"Checked, Kapteni," akajibu, upesi na kwa upole, kama mtu anayempokea mzee kikombe ili asiinuke.

Wakaruka.

Kabla sijaendelea, jueni habari ya mafuta. Uwanja ule wa vumbi ni mfupi, na ndege ilikuwa imebeba masanduku mazito ya vyombo vya upasuaji, kwa hiyo hawakujaza matangi. Hawakuwa wazembe, ndivyo inavyofanyika, na mapipa ya mafuta ya kurudia yalikuwa yanawangoja huko huko waendako. Safari ilikuwa ya saa moja na dakika tano. Mafuta yalikuwa ya saa moja na dakika arobaini. Kwa anayekwenda kwenye uwanja, hayo ni mengi. Kwa anayekwenda mahali pasipo na uwanja, ahangaike, kisha aanze kuutafuta ulipo, hayatoshi. Na mahali mashine ilipokuwa ikiwapeleka palikuwa na vichaka, mchanga, na ngamia wa watu.

Binti alikuwa ameshapita njia ile mara nne. Mara zote nne jua la asubuhi lilimpiga usoni kabisa, akashusha kikinga jua, na bado akafika macho yamemwiva. Leo jua lilikuwa limekaa kwenye sikio lake la kulia. Lilimpasha sikio joto. Alilihisi sikio, wapendwa, akaanza kulipikia nalo sababu: labda ni majira. Chini hapakuonekana kitu, vumbi jepesi lilikuwa limetanda kama maziwa yaliyomwagika. Nyuma, yule muuguzi alikuwa akiwauliza madaktari vijana kama wameshawahi kuona mtu akitapika kwa ustadi, maana alijisikia yuko karibu kuwaonyesha.

Dakika ya arobaini vumbi likafunguka, na chini yao ukawa mto. Mpana, wa rangi ya chai ya maziwa, mikoma, ile mitende ya porini, imesimama kingoni. Ni Tana. Hakuna mwingine wa ukubwa huo upande ule.

Binti akatazama karatasi. Kwa mwandiko wake mwenyewe, usiku uliotangulia nyumbani kwa shangazi, alikuwa ameandika: mto, dakika ya hamsini na nane. Akatazama saa. Akatazama mto. Na hapo kichwa chake, ambacho kilikuwa kimepika sababu asubuhi nzima, kikakosa kuni. Jua unaweza kulisingizia majira. Maili unaweza kuzisingizia mlima. Lakini mto hautoki kitandani kwake kuja kukulaki njiani. Ukiufikia dakika kumi na nane kabla, basi wewe hupo unapodhani upo.

Nyuma yake walikuwa watu kumi na mmoja. Ng'ambo ya ule mto, njia hii, hapakuwa na pa kushukia.

Mnadhani alisema? Alianza kuzunguka. Alimwambia Kapteni kwamba mto leo umejaa. Kapteni akasema ni mvua za huko juu. Dakika nzima ikapita, kisha binti akasema kwamba leo jua liko upande. Kapteni akaguna. Dakika nyingine. Mkia wa ndege ukaupita mto. Msimcheke, narudia, maana hivi ndivyo tunavyoambiana mambo sisi: hatumpi mtu neno mkononi, tunaliangusha karibu na miguu yake na kuomba Mungu aliokote. Mama anamwambia mumewe jirani amepunguza pombe. Mzee wa kanisa anamwambia mchungaji kwamba mahubiri ya zamani yalikuwa mafupi. Nimesikia, kumbe mnacheka.

Binti akaona ana njia mbili. Akimwambia mzee umekosea, anampiga mtu aliyelala chini. Asipomwambia, wote wanalala chini. Na katika kuhangaika huko ndipo alipoikuta njia ya tatu, ambayo ilikuwepo tangu asubuhi, ila ilikuwa inampitisha yeye mwenyewe kwenye aibu.

"Kapteni," akasema, "nilikuambia checked. Sikuangalia."

Mzee akageuka akamtazama.

"Naomba niangalie sasa."

Na hakungoja ruhusa. Akajikunja mbele, kichwa chake kikafika begani pa mzee, akapitisha kidole kwenye kioo na kusoma kwa sauti. Neno la kwanza kabisa alilosoma lilikuwa kaskazini. Hakuhitaji kufika la pili. Akasoma hivyo hivyo mpaka mwisho, maana sheria inasema mpaka mwisho. Kapteni akarekebisha upande, mashine ikapiga hesabu upya, na mshale ukahama kwenda kulia. Akaiinamisha ndege taratibu, jua likatoka kwenye sikio la binti likaja kukaa usoni. Kwa mara ya kwanza maishani, alisema baadaye, alifurahi kuunguzwa.

Wakapiga hesabu ya mafuta. Mmoja alihesabu, wa pili akahesabu tena peke yake bila kuchungulia ya mwenzake. Yalitosha, na yalibaki ya dakika ishirini na tano hivi. Wangeendelea ng'ambo ya ule mto robo saa zaidi wakiongea habari za mvua, yangebaki ya kujutia tu.

Sasa, wapendwa, najua mnangoja nini. Mnangoja mzee afoke, ili tumpate mtu mbaya wetu, au amsifu binti, ili tupige makofi tuende nyumbani. Hakufanya lolote kati ya hayo. Alishika usukani, macho mbele, kisha akamwuliza kwa nini hakuangalia.

Binti akamwambia ukweli. Kwamba aliona atamwumiza, na ripoti pia ilimwogopesha, lakini zaidi ni msiba.

Kapteni akavua miwani ya jua, akapangusa macho kwa mgongo wa mkono, akairudisha.

"Mwanangu," akasema, "tangu nimzike mama Naliaka, kichwa changu si changu. Najua. Yeye ndiye aliyekuwa akinisimamisha mlangoni, ananiambia shati limekaa kombo, rudi uvae. Sasa natoka kombo, napita kwa watu mia, wote wananiambia pole. Kila asubuhi nikikuuliza kama umeangalia, unadhani ni desturi? Nauliza kwa sababu sijiamini. Nakuuliza kama mtu anayezama. Na wewe unanijibu vizuri sana, kwa heshima kabisa, halafu unaniacha huko peke yangu."

Hilo lina jibu, wapendwa? Wewe unalo?

Kisha mzee akasema jambo la pili, na hili alilisema polepole zaidi. Akasema asimbebeshe binti mzigo wote, kwa kuwa yeye ndiye aliyetangulia. Daktari alipomwuliza kama yuko sawa, naye alijibu upesi. Hakujitazama. Alitaka tu kutoka kwenye ile nyumba.

Walitua salama, dakika saba nyuma ya saa. Mapipa ya mafuta yalikuwepo. Bibi na mababu wakasimama chini ya turubai, wengine wakiishika sauti ya ndege kwa masikio kwa kuwa macho hayakuwafaa, na yule muuguzi akashuka akamlaumu rubani kwa kumnyima nafasi ya kutapika kwa ustadi. Hakujua kitu. Alikuja kujua baadaye, kwa sababu Kapteni mwenyewe aliandika barua ya tukio jioni ile ile, kosa lake na kosa la msaidizi wake, majina yote mawili. Akaomba aondolewe kwenye kuruka mpaka arudi kuwa mtu. Mwenzake akaja na ndege ya pili kuchukua nafasi yake.

Na ripoti ya binti, Kapteni aliiandika kabla hajaanza likizo. Ilipaswa kuwa ukurasa mmoja. Ilikuwa mistari mitatu: "Alisema ameangalia na hakuwa ameangalia. Alisema kweli dakika arobaini na tatu baadaye, ikatosha. Majaribio yaongezwe miezi mitatu, na nikirudi kazini naomba nipangwe naye, si na mtu mwingine."

Hiyo ndiyo habari yangu. Sasa turudi kwetu sisi, na samahani kama nitakwaruza.

Sisi hapa tuna wafiwa. Tuna dada yetu aliyezika mume mwezi wa nne. Tulikwenda wote, tulijaza uwanja, tulipika, tulisimama naye kaburini. Tangu hapo kila Jumapili tunamshika mkono tunamwuliza, uko sawa? Na yeye anasema niko sawa. Anasema upesi, sisi tunashukuru upesi, checked, tunakwenda kwenye chai. Nani kati yetu amekaa akaangalia? Nani anajua kama watoto wale wamekwenda shule wiki hii, kama mama yule amelala, kama anakula akiwa peke yake? Tumempa pole zote tulizonazo. Macho hatujampa.

Na sisi vijana, ambao ndimi zetu ni kali kwenye status na laini kama uji mbele ya mtu mwenyewe. Tunasema wazee hawaambiliki. Haya, ni nani aliyewahi kuwaambia? Nazungumzia kuwaambia uso kwa uso, ukianzia kwenye kosa lako mwenyewe, kama yule binti. Tunaogopa sahihi. Naijua hofu hiyo, wala siidharau. Anayeidharau hajawahi kukaa nyumbani miaka minne. Lakini sahihi ya mtu uliyemwacha aende upotevuni ili usimkere, itakusaidia nini mtakapofika huko pamoja? Maana mko ndege moja.

Na ninyi wazee wetu, wenye kiti cha kushoto, kile cha nahodha, na usukani mkononi. Mnauliza kila kikao, kuna neno? Na ukumbi mzima tunasema hakuna, Mzee. Mnakwenda nyumbani mmefurahi kwamba mna watu wenye adabu. Wengine wenu mnauliza kweli. Mnauliza kama anayezama, na sisi tunawapigia makofi. Tusameheni. Lakini nanyi, mkiulizwa kama mko sawa, msijibu haraka namna hiyo.

Heshima si kumwacha mtu aende kombo kwa amani. Mpendwa wako akikosa mtu wa kumkagua, hajaheshimiwa, ameachwa. Hata Mungu, ambaye angeweza kutusamehe kwa mbali, alishuka akaja akatazama kwa karibu, akagusa kidonda kwa kidole. Sisi ni akina nani wa kupendana kwa mbali?

Nimemaliza. Kuna ule mtindo wa sisi wahubiri, kila baada ya dakika tano tunawaambia mgeukie jirani yako, umwambie hili, umwambie lile, na ninyi mnageuka mnasema bila kumwona mtu mnayemwambia. Leo geukeni mara moja tu. Mgeukie jirani yako. Usimwambie kitu.

Mtazame.